Waliopotea Kumi na Saba, Waliopatikana Kumi na Nane

Karani wa kijiji hakuwa mwongo. Jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu baadaye litakuwa gumu kuaminika. Alikuwa mtu wa mwandiko mzuri, mtu wa rula na kalamu mbili, nyeusi ya mambo ya kawaida na nyekundu ya vifo, na katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kukosea kujumlisha. Kama aliwaweka marehemu kumi na saba katika daftari la wakazi walio hai, hakufanya hivyo kwa uongo. Alifanya kwa huruma, tena kwa kikao halali chenye mwenyekiti, muhtasari na chai.

Mambo yalianza hivi. Wilaya iliamua kwamba kijiji chenye watu wasiofika mia tatu hakistahili zahanati, na iliyopo itafungwa. Wagonjwa wake wajikaze kisabuni na kutembea saa sita hadi zahanati ya jirani. Atakayefika mzima, basi hakuwa mgonjwa. Wakati huo kijiji kilikuwa na watu mia tatu kamili, wala si mmoja zaidi. Ndipo baba yake Karani, mzee wa miaka themanini na mitano, bila kuwafikiria wenzake, akafa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kikao kikaitwa. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeandaa chai. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa tumbo la heshima na sauti ya mazishini, akasema marehemu alikipenda sana kijiji hiki, na mtu anayekipenda kijiji hawezi kukiacha ghafla namna hiyo. Wote wakaona ni kweli. Karani akairudisha kalamu nyekundu mfukoni. Baba yake akabaki nambari moja katika daftari, hai, afya njema, na kila mwaka mwanawe akamwongezea mwaka mmoja kwa adabu zote. Sasa mzee alikuwa na miaka tisini na mmoja na hakuwa ameumwa hata jino.

Ukishamla mmoja, wa pili hana mfupa. Akafa mume wa mshona nguo, akabaki. Akafa mwalimu mstaafu, akabaki pia, na hata akapewa chandarua. Mwaka wa homa kali wakaenda watano kwa mpigo, na daftari halikutikisika. Wilaya ikaandika barua ya pongezi kwa kijiji chenye afya kuliko vyote. Kisha ikaandika ya pili, fupi zaidi, ikiuliza inakuwaje hapa hajafa mtu kwa miaka minne.

"Hapo sasa lazima afe mtu," alisema Mwenyekiti. "Mmoja tu, wa kuonyesha."

Karani alikuwa na kaka mkubwa, mfuga nyuki, aliyeishi peke yake mlimani ng'ambo ya korongo. Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuwapinga. Siku aliposikia baba yao ni mzima katika daftari, alishuka hadi ofisini akinuka moshi wa mizinga, hakuketi, hakuomba maji.

"Baba amekufa mara moja, inatosha," alisema. "Wewe kila mwaka unamfufua, amekukosea nini? Mwache mzee alale."

"Kaka, wewe shughulika na nyuki wako. Haya mambo ya ofisi huyajui."

"Sawa. Basi sitakanyaga kwako mpaka umwandike baba."

Na kweli hakukanyaga. Kwa hiyo kifo cha kuonyesha kilipohitajika, Karani hakutafuta mbali. Aliandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake mzuri: mfuga nyuki, mwanamume, miaka hamsini na minane, homa. Si yeye anayependa watu waandikwe? Basi aandikwe. Tena aliona raha kidogo alipokuwa akipiga mstari kwa rula, na raha hiyo itabidi tuihesabu pamoja na mengine. Kuanzia siku hiyo maiti walikuwa hai, mzima alikuwa marehemu, na wilaya ikaridhika kabisa.

Miaka miwili ikapita kwa amani ya namna hiyo, hadi Jumatatu moja alasiri, dhoruba ilipokuja.

Haikuja na salamu. Ilianza na upepo uliong'oa paa la ofisi ya Mwenyekiti na kulishusha shambani kwa mpinzani wake wa uchaguzi, kisha ikafuata mvua iliyonyesha hadi alfajiri bila kushusha pumzi. Maji yalibeba daraja la korongo, mbuzi, milango, na choo kipya ambacho kilikuwa bado hakijazinduliwa. Kulipokucha watu walitambaa kutoka walikojificha wakakusanyika katika shule, kwenye madarasa mawili yaliyosalia na bati. Walikuwa na matope hadi masikioni na kila mmoja alikuwa akimshika mwingine mkono kuhakikisha.

Karani akawahesabu. Aliwahesabu vizuri, kwa majina, nyumba kwa nyumba, watoto wachanga wakiinuliwa juu ili wasirukwe. Wakazi wa daftarini waliokuwapo ni mia mbili themanini na wanne. Hakuna aliyekufa. Wanawake walipiga vigelegele na Mwenyekiti alitoa hotuba ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa, wilaya ina fomu ya maafa. Fomu hiyo ina visanduku vitatu: walioandikishwa, waliopo, wasiojulikana walipo. Karani hakuwa amelala, na akili yake ilikuwa bado chini ya meza alikojificha na mkewe usiku kucha. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kazi kwa miaka kumi na minne. Ukaandika mia tatu na mmoja. Ukaandika mia mbili themanini na wanne. Ukatoa. Kisha akapanda juu ya dawati mahali penye mtandao, akaituma fomu hiyo pamoja na majina yote kumi na saba, kwa mpangilio wa alfabeti.

Alikuwa bado amesimama juu ya dawati alipoelewa alichokifanya. Kosa lake, na ni vyema lijulikane, lilikuwa ni kutokukosea.

Wilaya ile ambayo kwa miaka sita ilishindwa kuleta hata katoni ya dawa za maumivu kwa wakati, safari hii iliamka. Jumatano asubuhi wakafika watu wanane wenye makoti ya rangi ya chungwa, boti ya mpira, kamba, machela na mbwa wawili. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti iliyokwaruza kwa kuita watu katika mafuriko mengine. Kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai, kijiji kilikuwa kimeshampa jina la Kamanda.

"Nimepoteza usingizi tangu nipate fomu yako," alimwambia Karani, akimshika bega. Alikuwa na orodha mkononi, imefungwa katika nailoni isilowe. "Lakini nakuahidi ndugu yangu, hatuondoki hapa mpaka wote kumi na saba wapatikane."

Karani alimmiminia chai nyingine.

"Huyu wa miaka tisini na mmoja ndiye anayeniuma zaidi. Mzee kama huyu, kwenye baridi hii. Ana ndugu hapa?"

"Ni baba yangu."

Macho yakamlowa Kamanda. "Pole sana," alisema. "Tutaanza na yeye."

Mwenyekiti alikuwa akipita kati ya watu akinong'ona kama mtu anayegawa sumu. "Tafuteni kwa bidii. Jioni watachoka, watasema wamesombwa na mto, tutawaandika wote kwa mara moja na wilaya itatuonea huruma, zahanati hawataigusa mwaka wa msiba. Na mlie kidogo, lakini kwa zamu." Ulikuwa mpango mzuri, kwa mpango uliotungwa na mtu mwenye njaa. Watu wakatafuta. Walichungulia ndani ya visima, walifunua majamvi, kijana mmoja alikwenda kutazama ndani ya pipa mara tatu.

Kamanda akamkalisha mshona nguo, mjane mkweli asiye na kipaji chochote cha kuigiza.

"Mama, mara ya mwisho mumeo ulimwacha wapi?"

"Nilimwacha amelala."

"Wapi?"

"Kule nyuma ya shule, kwa wenzake."

Nyuma ya shule palikuwa na makaburi. Mbwa nao walikuwa wameshafika huko. Walikimbia moja kwa moja mara tu walipofunguliwa, wakaketi katikati ya makaburi, wakatoa ndimi nje kwa fahari. Kamanda akawaita, hawakuja. Akawakaripia. "Mvua imewaharibu pua," alisema kwa masikitiko, na yeye na watu wake wakaingia kwenye boti kufuata mto.

Basi kijiji kizima kikasimama ukingoni kikisikiliza marehemu wake wakiitwa kwa kipaza sauti. Majina yalitajwa kamili, la mtu, la baba na la babu. Sauti ilipiga mlima wa ng'ambo na kurudi. "Kama unatusikia, piga kelele! Kama huwezi, gonga kitu! Tunakuja!" Baadhi ya wazee walishindwa kutazama. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini babu haitikii, akafunikwa mdomo.

"Akiitika tu," alisema mshona nguo polepole, "mimi nahama."

Karani alikuwa akiwaza namna ya kutoroka na kuishi mahali pasipo na fomu, mkewe alipotokea jikoni mwa shule akiwa na mwiko mkononi. Mkewe alikuwa akiwapikia watu mia tatu uji tangu jana, na hakuwa katika hali ya kubembelezwa.

"Shemeji yangu yuko wapi?"

"Shemeji yupi?"

"Una kaka wangapi?"

"Si yuko kwake huko," alisema Karani, akaonyesha mlima bila kuutazama.

"Kwake wapi? Hebu geuza hiyo shingo."

Karani akageuza shingo. Kwa miaka yote ya ugomvi wao, kibanda cha kaka yake kilikuwa kimemsumbua kwa jambo moja: bati. Kila alasiri jua lilipolipiga, lilimulika moja kwa moja kwenye dirisha la ofisi, juu ya daftari, mpaka ikabidi ahamishe meza. Alidhani kaka yake aliliweka makusudi. Sasa jua lilikuwa limetoka, lilikuwa pale pale linapokuwa kila siku saa hiyo, na mlima haukumulika. Mahali pa kibanda palikuwa na mfereji mwekundu wa udongo uliomomonyoka, kuanzia juu hadi kwenye korongo.

"Hajashuka," alisema mkewe. "Mtu mwenye akili angeshuka, au angewasha moto. Sijaona moshi. Kila Jumamosi mimi humpelekea chumvi na mafuta ya taa, namjua."

"Wewe humpelekea..."

"Asali unayolamba kila asubuhi ulidhani inatoka wapi? Mbinguni?" Akanyoosha mwiko kuelekea mtoni. "Umewaleta watu na boti na mbwa, wanamtafuta baba mkwe wangu niliyemwosha miguu kwa mikono yangu siku ya kuzikwa. Na mtu mzima aliye hai hakuna anayemtafuta. Nenda. Nenda sasa hivi, au usirudi kwangu."

Kuvuka korongo bila daraja hakukuwezekana. Vijana wawili walikuwa wamejaribu tangu jana kwenda kutazama mbuzi wao, mmoja alirudi bila suruali. Kilichoweza kuvuka ni ile boti na zile kamba, na boti ilikuwa ya waliomo katika orodha.

Boti ilipofika ukingoni kubadilisha watu, Karani alimfuata Kamanda. Alijipanga kusema nusu ya ukweli, kwa sababu ukweli mzima ulikuwa mzito na yeye hakuwa amekula.

"Nadhani kuna mtu mmoja mlimani kule. Tungeanza huko."

"Nani?"

Karani akataja jina la kaka yake. Kamanda alipitisha kidole kwenye orodha, hakuliona. Akafungua karatasi za wilaya, nakala ya daftari lenyewe, akatafuta kwa uvumilivu mpaka akalipata, jekundu.

"Huyu amefariki. Miaka miwili iliyopita. Homa." Alimtazama. "Ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Na unataka tukamtafute mlimani."

"Ndiyo."

Mwenyekiti alikuwa ameshafika, tumbo mbele. "Bado hajapoa, maskini," alisema kwa upole. "Walipendana mno, chanda na pete."

Kamanda alivua koti lake akamvisha Karani. Alimpa kikombe cha chai yenye sukari nyingi. "Msiba mpya huamsha wa zamani," alimwambia. "Nimeyaona haya sana. Kaa hapa upumue. Nina watu wanane na boti moja, lazima nifuate walio hai." Akarudi kwenye boti kumtafuta mzee wa miaka tisini na mmoja.

Karani alikaa pale na koti la watu, akinywa chai. Alikuwa ameambiwa ukweli wote kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alipotaka kuinuka, Mwenyekiti alimvuta nyuma ya jiko. Muuguzi alikuwa hapo pia, macho mekundu.

"Ukisema, tumekwisha," alisema Mwenyekiti. "Kazi yako imekwenda, ya Muuguzi imekwenda, zahanati imekwenda. Binti yako ana mimba ya miezi mingapi?"

"Minane," alisema Karani.

"Minane. Atatembea saa sita akiwa na uchungu? Pengine kaka yako yuko salama, amelala zake pangoni. Pengine hayuko hai, samahani, na ukisema utakuwa umefunga zahanati kwa ajili ya maiti."

"Zahanati yenyewe imebaki wazi kwa ajili ya maiti," alisema Muuguzi. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mimi sijui. Msiniulize."

Karani alimfikiria binti yake. Alimfikiria kweli, na tumbo lake na miguu iliyovimba, na hakupata jibu ambalo halikuwa na mtu wa kuumia. Kisha kwenye mto kipaza sauti kikamtaja tena baba yake, na Karani akajiona jinsi alivyo: mtu mwenye kaka mmoja, anayesimama nyuma ya jiko kujadili. Akapiga moyo konde. Akampita Mwenyekiti, ambaye alijaribu kumshika mkono akaambulia koti.

"Nimewapata," alimwambia Kamanda boti ilipogusa ukingo. "Wote kumi na saba. Njoo."

Kamanda alimfuata mbio huku akiwaita watu wa machela. Walipofika nyuma ya shule, mbwa walikuwa bado wameketi palepale, na walimtazama Karani kama watu waliochoka kumngoja tangu asubuhi.

"Nambari moja, baba yangu," alisema Karani, akionyesha. "Alikufa miaka sita iliyopita, kwa uzee. Huyu hapa mume wa mshona nguo. Huyu mwalimu mstaafu. Hawa watano ni wa mwaka wa homa." Alikwenda kaburi kwa kaburi hadi la mwisho. Hakuruka hata mmoja. "Hakuna aliyepotea hapa. Niliwaacha katika daftari ili zahanati isifungwe. Aliyepotea ni yule mwekundu. Yule ni mzima. Nilimuua mimi, kwa kalamu."

Kijiji kizima kilikuwa kimewafuata. Kamanda aliikunja orodha mara mbili, akaikunja tena.

"Leo asubuhi kijana wangu mmoja nusura abebwe na maji," alisema. "Alikuwa akimtafuta baba yako. Kamba ilikatika." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angeipaza. "Wewe na mimi tutazungumza baadaye. Njia ya mlimani iko wapi?"

Walimvusha Karani nao, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua njia, ingawa hakuwa ameipita kwa miaka minne. Aliteleza, alitambaa, alipoteza viatu vyote viwili. Kibanda walikikuta kimelala kifudifudi chini ya udongo, mizinga imetapakaa, nyuki wachache wakizunguka bila kujua waende wapi. Mbwa wale wenye pua zilizoharibika walikimbilia kona moja ya bati, wakaanza kubweka.

Kaka alikuwa chini ya bati hilo, boriti imemlalia mguu, usiku wa pili umepita. Macho yalikuwa wazi. Aliwatazama watu wa makoti, akamtazama mdogo wake mwenye matope mpaka kwenye nyusi, asiye na viatu, anayelia kwa sauti kama mtoto.

Muuguzi alimshughulikia katika zahanati hadi taa ikaisha mafuta. Mguu ulibaki. Alisema kama mgonjwa angebebwa saa sita kwenda kwa jirani, angefika maiti, na safari hii maiti ya kweli. "Si mnaona sasa faida ya..." alianza Mwenyekiti, na mke wa Karani akamwambia kwa kifupi mahali pa kuiweka hiyo faida.

Kamanda aliandika taarifa yake kabla ya kuondoka. Alisema yeye ni mtu wa uokoaji, mambo ya daftari si yake, wilaya itajisomea yenyewe. Aliandika wasiojulikana walipo, kumi na saba. Waliopatikana, kumi na nane. Wilaya ilipiga simu mara tatu kuuliza kama kuna kosa la uchapaji, kisha ikasema italeta barua. Barua za wilaya hutembea kwa magoti, lakini hufika.

Siku ya nne baada ya uokoaji Karani aliingia katika chumba cha wagonjwa akiwa amekumbatia daftari. Kalamu zilikuwa mfukoni, zote mbili. Aliketi kwenye kigoda, akaona haya, akakisogeza kigoda, akaketi tena. Kaka yake alikuwa akitazama dari.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza kaka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao kwa miaka minne.

"Homa."

"Homa tu." Kaka alisikitika kwa dhati. "Mimi naishi na mizinga arobaini, chui wanapita mlangoni, mlima uko juu ya kichwa changu. Wewe unaniua kwa homa."

"Wilaya haiulizi sana ikiwa ni homa."

Kaka alicheka kidogo, mguu ukamuuma, akaacha.

"Siku ile ya pili nilisikia sauti," alisema. "Ilitoka bondeni. Sauti kubwa ya mwanamke, inamwita baba. Jina lake, la babu, na la baba wa babu. Nikasema basi, nimefika, huku ndiko wanakoitana. Akamwita mume wa mshona nguo. Akamwita mwalimu. Wote hao nawajua, niliwabeba begani mpaka kaburini. Nikaona zamu yangu iko karibu. Nikaufuta uso kwa mkono uliokuwa huru, ili niitwe nikiwa safi." Akageuza kichwa akamtazama mdogo wake. "Wakaita kumi na saba. Kisha wakaanza tena mwanzo. Mimi sikuitwa."

Karani alifungua daftari kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Nambari moja. Alitoa kalamu nyekundu, akaweka rula chini ya jina la baba yake, na mkono ukagoma.

"Haikuwa zahanati peke yake," alisema. "Nilikuwa siwezi kuliandika. Siku ile waliponiambia niache, nilifurahi. Nilifurahi, kaka."

"Najua. Ndiyo iliyoniudhi. Uliniachia kumlilia peke yangu."

Karani akapiga mstari. Haukunyooka, mstari wa kwanza mbaya katika daftari lile tangu lianze, kwa sababu machozi yalikuwa yameshamwagika kwenye rula. Alimlilia baba yake pale kwenye kigoda, miaka sita baada ya watu wengine wote kumaliza. Kaka alimwacha alie, akashika kona ya daftari ili lisianguke. Kisha Karani akawaandika wale kumi na sita, mmoja mmoja, na mwisho akabadilisha kalamu akaandika jina la kaka yake kwa wino mweusi.

Akajumlisha. Mia mbili themanini na watano. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, akimfikiria binti yake na mwezi ujao, akiomba walau mara moja maishani awe amekosea. Hakuwa amekosea.

"Umeniandika?" aliuliza kaka.

"Nimekuandika."

"Basi niite."

Karani akamtazama.

"Niite, kama walivyoitwa wale kumi na saba. Kwa sauti. Nilingoja siku nzima."

Karani akasimama. Akalishika daftari kwa mikono miwili na kulitaja jina la kaka yake, la baba yao, na la babu yao, kwa sauti iliyotoka nje ya dirisha hadi uwanja wa shule. Katika chumba cha pili Muuguzi akagonga ukuta na kusema jamani, hapa bado ni zahanati.

"Nipo," alisema kaka.